Kadi Ipi ya Grafiki kwa OptiPlex 9020 ya Wati 255?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina kompyuta ya Dell OptiPlex 9020 niliyoinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika Ulaya. Ndani ina prosesa ya Core i5-4590 na RAM ya GB 8, na lebo ya pawa saplai inasomeka wati 255. Skrini yangu ni ya inchi 20, mwonekano wake ni 1600 kwa 900, na ina tundu la VGA peke yake. Mimi na mdogo wangu tunacheza GTA V na tungependa kucheza FC 24, ule mchezo wa mpira wa miguu, lakini kwa sasa hata hiyo GTA inakwamakwama. Nina shilingi 250,000. Dukani nimeoneshwa kadi tatu: GT 730 mpya ya GB 4, GTX 1050 Ti ya GB 4 iliyotumika, na RX 580 ya GB 8 iliyotumika. Rafiki yangu anasisitiza nichukue RX 580 kwa sababu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na kwamba umeme wake utapatikana kwa kutumia adapta. Nichukue ipi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Umefanya jambo ambalo wengi wanaoniandikia hawalifanyi, nalo ni kusoma lebo ya pawa saplai kabla ya kuuliza. Hiyo namba 255 imenieleza mambo mengi kuliko jina la kompyuta lenyewe, kwa sababu OptiPlex 9020 ilitengenezwa kwa maumbo kadhaa. Ile ya mnara ilipewa pawa saplai ya wati 290, na ile nyembamba, ambayo watu wengi huilaza mezani na kuweka skrini juu yake, ilipewa ya wati 255. Kwa hiyo, ingawa hukutaja umbo la kasha lako, nina hakika ni lile jembamba, na ukweli huo mmoja unatosha kuondoa kadi moja kati ya tatu ulizooneshwa hata kabla hatujazungumzia nguvu wala bei.

Nikujibu moja kwa moja, kisha nieleze sababu. RX 580 haiwezekani. GT 730 inawezekana, lakini utakuwa umetupa pesa. GTX 1050 Ti ndiyo ya kuchukua, kwa masharti mawili: iwe ya umbo fupi, na iwe ya kweli. Ikishindwa sharti lolote kati ya hayo mawili, iache dukani na uulizie kadi ya nne, ambayo muuzaji wako huenda anayo kabatini na hakuona sababu ya kukuonesha kwa kuwa haiuzwi kama kadi ya michezo. Hiyo nitaieleza baadaye.

Tuanze na kasha. Kila kadi ya grafiki imefungwa kwenye kibati cha chuma upande wa nyuma, pale matundu ya kebo yanapotokeza. Kibati cha kadi ya kawaida kina urefu wa takriban sentimita 12. Kibati cha kadi fupi, zile zinazotengenezwa kwa ajili ya makasha membamba kama lako, kina takriban sentimita 8. Fungua kifuniko cha mashine yako upime kwa rula vibati vilivyoziba nafasi za nyuma, utakuta ni vya sentimita 8. Kadi ya kawaida ikichomekwa humo, kifuniko hakitarudi, na kibati chake hakitakuwa na mahali pa kufungwa. Nimewahi kuona mtu akiitumia mashine ya namna hiyo ikiwa wazi, kadi imesimama kama jogoo juu ya paa, na akaja kwangu baada ya kitabu kuiangukia na kuvunja sloti. Sloti ya madabodi ikishavunjika, matengenezo yake hayana maana tena kwa mashine ya bei hiyo.

Kwa hiyo ukifika dukani, swali la kwanza liwe: kadi hii ina kibati kifupi? Kadi nyingi fupi zilitoka kiwandani na vibati viwili ndani ya boksi, kirefu kikiwa kimefungwa tayari na kifupi kikiwa kwenye mfuko pembeni. Mnunuzi wa kwanza akiwa na kasha kubwa, kile kifupi hubaki ndani ya boksi na hatimaye hupotea. Kadi yenye ubao mfupi lakini isiyo na kibati kifupi haitakaa imara ndani ya mashine yako, na kukitafuta kibati peke yake, kinachooana na matundu ya kadi hiyo hasa, ni kazi ya wiki nzima. Kidai hapohapo kabla hujalipa.

Sasa umeme, na hapa ndipo ushauri wa rafiki yako unapoanguka. Sloti ndefu ya madabodi, ile ambayo kadi huchomekwa, inaruhusiwa kuipatia kadi wati 75 na si zaidi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo huwa na tundu la ziada la kuchomeka waya kutoka kwenye pawa saplai: lenye pini sita huongeza wati 75, lenye pini nane huongeza wati 150. Pawa saplai ya mashine yako haina waya wa aina hiyo hata mmoja. Mashine hizi ziliundwa kwa ajili ya barua za ofisi na hesabu za mishahara, na aliyeziunda hakuwa na sababu ya kuweka waya huo.

RX 580, kwa vipimo vya watengenezaji wake AMD wenyewe, hutumia wati 185. Prosesa yako imeandikiwa wati 84. Ukijumlisha hizo mbili tu unapata 269, na tayari umeshapita 255 kabla hujahesabu madabodi, diski, RAM na feni. Hesabu ya GTX 1050 Ti ni tofauti kabisa: wati 75 za kadi na 84 za prosesa ni 159, ongeza kama 40 kwa vitu vingine vyote, unafika karibu na 200, na pawa saplai inabaki na nafasi ya kupumua.

Lakini rafiki yako anasema kuna adapta. Ni kweli zipo, na zinauzwa kwa bei ya soda mbili, nami ningependa uelewe zinavyofanya kazi kwa sababu ndizo zilizoniletea mashine nyingi mezani zikinuka moshi. Adapta ya kawaida huchukua umeme kutoka kwenye kichwa cha SATA, kile cheusi bapa kinacholisha diski. Kichwa hicho kina pini 15, na kati ya hizo ni tatu tu zinazobeba volti 12, kila moja ikiwa imekadiriwa ampea 1.5. Zidisha mwenyewe: ampea 4.5 kwa volti 12 ni wati 54. Adapta inayounganisha vichwa viwili vya SATA kuwa tundu moja la pini nane inabeba wati 108 kwa usalama, wakati kadi upande wa pili inadhani imeunganishwa na waya wa wati 150 na itavuta kwa kadiri inavyohitaji. Pini zinapata moto, plastiki inalainika, pini zinasogea na kushikana vibaya zaidi, na moto unaongezeka. Kichwa kimoja nilichowahi kukichomoa kutoka kwenye mashine ya kijana mmoja kilikuwa kimeyeyuka na kuganda kwenye diski, ikabidi nikikate kwa kisu. Yeye alikuwa ameleta mashine akilalamika kwamba diski haisomi.

Naongeza kwamba RX 580 ni kadi ndefu na ya kimo kamili, hivyo hata ungepata umeme wa kuilisha, isingeingia humo. Na zipo sokoni kwa wingi kwa sababu inayojulikana: kadi za RX 570 na 580 zilitumika sana kuchimba sarafu ya Ethereum, na mtandao huo ulipoacha uchimbaji wa kadi mnamo Septemba 2022, wachimbaji waliziuza kwa mafungu. Si mbaya zote. Mwenye kasha kubwa na pawa saplai nzuri anaweza kuinunua baada ya kuijaribu na akafurahi nayo kwa miaka. Wewe si mmoja wao.

Tuje kwenye GT 730. Naelewa inavyovutia: ni mpya, iko ndani ya boksi lenye picha ya joka, na imeandikwa GB 4 kwa herufi kubwa. Hizo GB 4 ndizo zinazowapotosha wanunuzi. Ukubwa wa kumbukumbu ya kadi ni kama ukubwa wa tangi la maji. Kinachoamua kama maji yatakufikia kwa wakati ni unene wa bomba. GT 730 ilitoka mwaka 2014 ikiwa na matoleo yasiyofanana ingawa yalibeba jina moja, na yale ya GB 4 unayokutana nayo madukani kwa kawaida hutumia kumbukumbu ya DDR3. Lile lenye chipu ya kizazi cha Kepler na njia ya kumbukumbu ya biti 64 hupitisha takriban GB 14.4 kwa sekunde. Sasa linganisha na mashine yako jinsi ilivyo leo, bila kadi yoyote: RAM yake ya DDR3 ya kasi ya 1600, ikiwa imewekwa vipande viwili vinavyofanya kazi kwa pamoja, hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Yaani kadi mpya ungeinunua, ungeifungua kwenye nailoni yake, na bomba lake lingekuwa jembamba kuliko lile ambalo tayari unalo. Zaidi ya hayo, Nvidia, waundaji wa chipu hiyo, walisimamisha draiva za kawaida za michezo, yaani programu zinazoiwezesha Windows kuitumia kadi, kwa kadi za Kepler mwaka 2021.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu hesabu hiyo inazua swali unalopaswa kulijibu nyumbani kabla ya kwenda dukani. Je, GB 8 zako ni kipande kimoja au viwili vya GB 4? Ikiwa ni kimoja, RAM yako inapitisha GB 12.8 tu kwa sekunde, nusu ya uwezo wake, na grafiki ya ndani ya prosesa yako, yaani HD 4600, ambayo haina kumbukumbu yake yenyewe na inakula kutoka kwenye sahani hiyohiyo ya RAM, imekuwa ikishinda njaa muda wote huu. Kuongeza kipande cha pili cha ukubwa na kasi ileile kutaipa nafuu inayoonekana hata bila kadi. Nimewahi kumrudisha mteja nyumbani na kipande kimoja cha RAM mfukoni, akasahau habari ya kadi kwa miezi sita.

GTX 1050 Ti ni kadi ya Oktoba 2016, na ilipotoka iliuzwa dola 139. Ina viini 768, GB 4 za kumbukumbu ya GDDR5 kwenye njia ya biti 128, na hupitisha GB 112 kwa sekunde, karibu mara nane ya ile GT 730. Matoleo mengi yanaishi kwa wati 75 za sloti, lakini yapo machache ambayo watengenezaji waliyaongezea tundu la pini sita, na hayo hayakufai. MSI na Gigabyte wote walitengeneza toleo fupi, lenye urefu usiofika sentimita 19. Matoleo hayo ni manene, yanachukua nafasi ya sloti mbili, kwa hiyo kama mashine yako ilikuja na kadi nyingine ndogo pembeni, ya mtandao kwa mfano, itabidi itoke.

Kadi hii ina ukomo wake, na sitaki uje kuulaumu ushauri wangu. Nvidia ilitangaza mwaka 2025 kwamba draiva za kawaida za michezo kwa vizazi vya Maxwell na Pascal, na 1050 Ti ni ya Pascal, zinakoma Oktoba mwaka huohuo, na baada ya hapo ni marekebisho ya usalama tu mpaka Oktoba 2028. Kwa GTA V na FC 24 hilo halina madhara, maana michezo hiyo tayari inajulikana na draiva zilizopo. Kwa mchezo mkubwa utakaotoka mwaka kesho, hakuna anayekuahidi chochote.

Sharti la pili nililokutajia ni kadi iwe ya kweli. Jina la 1050 Ti ni miongoni mwa yale yanayoghushiwa sana. Waghushi huchukua kadi za zamani kama GTX 550 Ti au GTS 450, wanaandika upya programu iliyo ndani ya chipu yake ndogo ya BIOS ili Windows iione kama 1050 Ti, kisha wanabandika feni mpya na stika mpya. Kuna ishara unayoweza kuiona kwa macho, kadi ikiwa bado mkononi mwa muuzaji. Chipu za Pascal hazitoi kabisa mawimbi ya VGA. Ukiona 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA la pini 15, itilie shaka kubwa. Najua skrini yako ni ya VGA, na muuzaji atakuambia kwa furaha, «hii hapa ina VGA kabisa, huhitaji adapta». Hapo ndipo pa kuirudisha mezani taratibu.

Ishara ya pili inahitaji kompyuta. Omba kadi ichomekwe kwenye mashine yoyote pale dukani, na uendeshe programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo unaweza kwenda nayo kwenye flashi. Ifungue usome mistari mitatu: jina la chipu liwe GP107, viini viwe 768, na njia ya kumbukumbu iwe biti 128. Kadi ya kughushi mara nyingi huonesha viini 192, na tangu mwaka 2018 programu hiyo huongeza neno la Kiingereza lenye maana ya «kughushi» mbele ya jina la kadi inapoitambua. Muuzaji asiyekubali jaribio la dakika tano amekwishakujibu.

Ikipita hapo, ipe kazi. Programu ya FurMark huichosha kadi kwa makusudi, na robo saa inatosha. Tazama mambo matatu wakati huo: joto lisipande moja kwa moja kuelekea nyuzi 90, skrini isitoe madoadoa au mistari ya rangi, na feni isikwaruze. Joto likipanda haraka lakini kadi ikawa nzima kwa mengine yote, huenda ile pesti ya kijivu ipakwayo kati ya chipu na hitisinki imekauka, na hilo fundi atalirekebisha kwa pesa kidogo. Litumie kupunguziwa bei. Madoadoa ni kumbukumbu inayokufa, na hayarekebishiki kwa gharama inayoeleweka.

Sasa kadi ya nne niliyokuahidi. Nvidia hutengeneza kadi kwa ajili ya ofisi za wasanifu wa majengo na wahandisi, na nyingi kati yake ni fupi na nyembamba tangu mwanzo, kwa kuwa ofisi hizo nazo hutumia makasha madogo. Zinapochoka huko Ulaya husafiri pamoja na mashine zake hadi kwetu, na kwa sababu mnunuzi wa michezo haulizii majina hayo, mara nyingi bei yake huwa tulivu. Quadro P1000 ina viini 640 na GB 4 za GDDR5, hutumia wati 47 tu, hukaa kwenye sloti moja, na kwa michezo iko chini kidogo ya 1050 Ti. Ninayoipenda zaidi ni T600, ya mwaka 2021: viini 640 vya kizazi kipya zaidi cha Turing, GB 4 za GDDR6, wati 40, nayo pia ni ya sloti moja. Kizazi cha Turing hakikuguswa na ule usitishaji wa draiva wa mwaka 2025, na kwa maoni yangu, kama T600 ikikuangukia ndani ya shilingi zako 250,000, iache hata hiyo 1050 Ti. Angalizo moja tu: kadi hizi zina matundu madogo ya DisplayPort, kwa hiyo adapta yake ya kwenda VGA iwe ya kichwa hicho kidogo. Na P620, ambayo utaikuta mara nyingi kuliko hizo mbili, ina GB 2 pekee. Kwa FC 24 hazitoshi.

Majina mengine utakayoyasikia nitayapitia upesi. GTX 1650 fupi ni nzuri kuliko 1050 Ti kwa kila hali, ni ya Turing, na kama bei itakubali, ichukue bila kusita. GT 1030 ina matoleo mawili yanayouzwa kwa jina moja, la GDDR5 linalopitisha GB 48 kwa sekunde na la DDR4 lisilofika GB 17, na muuzaji mwenyewe huenda hajui analo lipi. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024 kwa dola 169, ina matoleo mafupi na hutumia wati 70. Ndiyo kadi kubwa kuliko zote ambazo ningezitia kwenye kasha lako, ila itavuka bajeti yako na prosesa yako haitaifikisha mwisho wa uwezo wake. RX 6400 ya AMD ni fupi, nyembamba na ya wati 53, lakini inazungumza na madabodi kwa njia nne tu badala ya 16. Kwenye mashine mpya zenye sloti ya PCIe 4.0, ambayo njia zake zina kasi zaidi, hilo halisumbui sana, lakini yako ni PCIe 3.0, na kumbukumbu yake ya GB 4 inapojaa mchezo hushtukashtuka. Kadi za Intel Arc zinategemea kipengele cha madabodi za kisasa kiitwacho Resizable BAR, ambacho mashine ya mwaka 2014 haikuja nacho. Usizinunue.

Kuhusu skrini yako, usiione kama unyonge. Mwonekano wa 1600 kwa 900 una nukta milioni 1.44, na ule wa 1920 kwa 1080 una nukta milioni 2.07. Kila fremu ambayo kadi yako inachora ni pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko ya jirani mwenye skrini kubwa, na kwa kadi ya bei nafuu huo ni unafuu wa kweli. Usikimbilie kubadilisha skrini mwaka huu. Unachohitaji ni adapta ya HDMI kwenda VGA, ile yenye kichipu ndani kinachogeuza mawimbi. Usinunue kile kipande kidogo cheupe cha DVI kwenda VGA kisicho na chipu: kinategemea pini nne zinazozunguka ulimi bapa wa tundu la DVI, na kwenye kadi hizi pini hizo hazipo, utakuta plastiki tupu. Weka pesa ya adapta pembeni kabla ya kuanza kupatana bei ya kadi, usije ukafika Morogoro usiku na kadi ambayo huwezi kuiunganisha na skrini.

Swali lako halikugusa prosesa, lakini lazima niliseme. GTA V, toleo la mwaka 2015, ilipendekeza kadi ya GTX 660, na 1050 Ti inaimudu vizuri kwenye skrini yako. FC 24 inataja GTX 1050 Ti kama kiwango cha chini, na hapo kadi yako itakuwa mlangoni hasa; lakini kwa prosesa inataja i5-6600K, ambayo ni mpya kuliko yako kwa vizazi viwili. Mchezo utafunguka, ila usishangae ukisitasita pale kamera inapopita juu ya mashabiki. Utajuaje kama anayechelewesha ni prosesa au kadi? Shusha mwonekano wa mchezo hadi 1280 kwa 720 na uangalie idadi ya fremu kwa sekunde. Ikipanda sana, kadi ndiyo iliyokuwa imelemewa. Ikibaki palepale, prosesa ndiyo iliyofika mwisho, na hakuna kadi duniani itakayokusaidia. Siku hiyo utafute i7-4770 iliyotumika: inaingia kwenye soketi ileile, imeandikiwa wati 84 zilezile, na ina nyuzi nane za kazi badala ya nne. Kabla ya hiyo, lakini, fikisha RAM GB 16, kwa sababu GB 8 ndicho kiwango cha chini cha FC 24 na Windows nayo inataka kula.

Kazi ya kuichomeka utaimudu mwenyewe. Chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara mbili ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha, kisha ichomeke kadi kwenye ile sloti ndefu zaidi mpaka kishikizo cha mwisho kilie. Draiva ichukue kwenye tovuti ya Nvidia. Ile ya kwenye sidii ya boksi imezeeka. Na kabla hujaniandikia kwamba mashine imewaka lakini skrini ni nyeusi, tazama nyuma: kebo ya skrini iwe imechomekwa kwenye kadi. Tundu la bluu la VGA la madabodi bado lipo palepale ulipolizoea, na mkono hulirudia wenyewe gizani nyuma ya meza. Nusu ya wanaonipigia simu siku ya kwanza, hilo ndilo tatizo lao.